Filamu za Waandishi Tulizozitazama Bombo

Mtu akilima utaona tuta, akishona utaona nguo. Mwandishi akiwa kazini hakuna cha kuona. Amekaa, anautazama ukuta, anaandika mstari, anaukata, anaamka kwenda kunywa maji. Ndiyo maana watengeneza filamu wakimchukua mwandishi awe mhusika mkuu huhangaika, na wengi hukimbilia picha zilezile: karatasi inachomolewa kwenye taipureta, inakunjwa, inatupwa kapuni, chupa ya pombe iko mezani, nje mvua inanyesha. Picha hizo zimenichosha kabisa. Lakini zipo filamu chache ambazo waliozitengeneza walijua la kufanya. Wakaelekeza kamera kwenye vile vinavyoonekana, yaani karatasi yenyewe, mkono, pesa, na zaidi ya yote watu wanaolipa gharama ili hadithi iandikwe. Hizo ndizo zilizotufunza mimi na wenzangu.

Tuko Bombo. Kwa asiyeijua, iko kaskazini ya Kampala kwenye barabara ya Gulu, mji wa kambi ya jeshi na mji wa Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan. Kiswahili cha hapa hakikuja na mwalimu. Kilikuja na askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, kikaingia majumbani, kikakaa pembeni ya Kinubi mpaka leo. Sehemu nyingine za Buganda watu wa rika la mama yangu wakisikia Kiswahili walikumbuka bunduki na vizuizi vya barabarani, na siwalaumu. Siku hizi kwenye karatasi mambo yamebadilika: mwaka 2005 katiba ilirekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mimi nakifundisha, kwa hiyo nilifurahi. Ila wanafunzi wangu waliniuliza swali ambalo sikuweza kulikwepa: Mwalimu, vitabu vya Kiswahili vya watu wa hapa kwetu viko wapi?

Vichache. Basi tukaanza kukutana sebuleni kwangu Jumamosi jioni, sisi tunaojaribu kuandika. Yupo mzee mmoja aliyestaafu jeshi, anatunga tenzi. Yupo fundi cherehani kutoka Bukavu, Kiswahili chake ni cha Kongo na Kifaransa anakisoma vizuri kuliko Kiingereza. Yupo kijana wa bodaboda, yupo binti wa Kinubi aliyemaliza chuo cha ualimu, na wengine huja na kuondoka. Mwanzoni tulikuwa tunasomeana tu, halafu tukaona uchovu unaingia. Filamu zilikuja kwa sababu laibrari ya video ya mtaa wa jirani ilikuwa inafungwa, watu wamehamia kwenye flashi na simu, na mwenye duka alikuwa anauza diski zake kwa bei ya kutupa. Nilichagua zote nilizoziona zina mwandishi ndani.

Lazima nieleze jinsi tunavyotazama, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Uganda hatukulelewa kutazama filamu kimya. Kibanda cha video kina mabenchi, spika kubwa, na sauti ya VJ, yaani mfasiri wa filamu, juu ya sauti ya filamu. VJ hatafsiri maneno tu. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anawakemea, anamwonya msichana asiingie kwenye chumba kile. VJ Jingo amekuwa maarufu nchi nzima kwa kazi hiyo ya Kiganda, na Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ile filamu ya mtaa wa Wakaliga, Kampala, iliyozunguka dunia, watu wengi wanaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, wala hawawezi kuifikiria bila sauti hiyo. Kazi hii naiheshimu sana. Kinachokosekana kibandani ni kusimama. Mkanda ukianza umeanza, na aliyepitwa amepitwa.

Nyumbani kuna rimoti. Nakaa kando ya televisheni, natafsiri kwa Kiswahili kwa sauti, na yeyote akitaka tusimame tunasimama. Diski ikiwa na maandishi ya Kifaransa, fundi anasoma huko na mara nyingi ananisahihisha. Neno linalosikika zaidi sebuleni kwangu ni "Mwalimu, rudisha." Nimeamini kwamba tumejifunza kuandika kwa ajili ya neno hilo kuliko kwa jingine lolote, kwa sababu mtu anaporudisha kipande mara ya tatu hasikilizi tena nini kimetokea. Anatazama kimefanywaje.

Ya kwanza kutushika ilikuwa Misery ya mwaka 1990, iliyotokana na riwaya ya Stephen King. Paul Sheldon anaandika riwaya za mapenzi zinazouzwa sana. Anapata ajali kwenye theluji, anaokolewa na Annie Wilkes, muuguzi wa zamani anayejiita msomaji wake namba moja. Annie akigundua kwamba mhusika anayempenda, Misery, amekufa kwenye kitabu kipya, anamfungia mwandishi ndani, anamlazimisha achome muswada wake mwingine, kisha anamletea taipureta isiyo na herufi n ili amfufue Misery. Kathy Bates alipata Oscar kwa kuwa Annie. Watu wengi wanaikumbuka filamu hii kwa ile nyundo ambayo Annie anamvunjia Sheldon miguu. Sisi tulikwama kwingine kabisa.

Sheldon anaandika sura ya kwanza, Annie anaisoma na kuikataa. Anamweleza kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akienda sinema kutazama mfululizo. Wiki moja shujaa alionekana amekwama ndani ya gari, gari likaporomoka jabalini. Wiki iliyofuata wakaonyesha kwamba aliruka kabla halijaanguka. Ukumbi wote ukashangilia, yeye peke yake akasimama akipiga kelele kwamba huo ni uongo, hakutoka ndani ya lile gari! Kijana wa bodaboda akaniomba nirudishe. Tukarudisha. Akasema, "Mwalimu, huyu mama kichwa chake hakiko sawa, lakini hapa anasema kweli tupu."

Yeye ana hadithi ya mfululizo anayoisimulia kwa ujumbe wa sauti, wenzake wa steji wanaisikiliza kwenye simu wakisubiri abiria. Wiki ile alikuwa amemwangusha mhusika wake mtoni usiku, na mpango wake ulikuwa aamke, iwe ilikuwa ndoto. Baada ya Annie aliuacha mpango huo. Alikwenda kusikiliza upya vipande vyote alivyokwisha kutuma, akakuta kwamba huko nyuma aliwahi kutaja mtumbwi wa mvuvi uliofungwa chini ya daraja. Aliutaja tu wakati ule, ili daraja lionekane daraja. Akautumia huo. Steji nzima ilimsifu kwa kupanga mambo mapema namna ile. Mimi nimeshafundisha mbinu za usimulizi kwa vitabu vya mtaala miaka mingi, na sijawahi kuona somo likiingia mtu haraka hivyo.

Kuna kipande kingine ndani ya Misery kinachonifurahisha, cha karatasi. Annie amenunua karatasi ya bei ghali. Sheldon anachapa neno, anapitisha kidole juu yake, na wino unachafuka. Ni ujanja, anataka Annie atoke nyumbani aende kununua nyingine. Lakini kamera imekaa karibu kabisa na lile doa, na kwa mara ya kwanza unahisi kwamba kitabu ni kitu cha wino na nyuzi za karatasi, kinachoweza kufutika kwa kidole.

Filamu iliyobadilisha zaidi mazungumzo yetu ni Capote ya mwaka 2005, ambayo Philip Seymour Hoffman alipatia Oscar. Inahusu mambo ya kweli. Novemba 1959, watu wanne wa familia ya Clutter waliuawa nyumbani kwao Holcomb, Kansas. Truman Capote alisoma habari hiyo gazetini New York, akasafiri na rafiki yake Harper Lee kwenda kuandika. Hakutumia kinasa sauti, wala hakuandika mbele ya watu. Alijisifu kwamba anakumbuka asilimia 94 ya mazungumzo yote. Wauaji wawili walikamatwa, na Capote akawa karibu sana na mmoja wao, Perry Smith. Alimtafutia wanasheria, akamlisha alipogoma kula, akamsikiliza habari za utoto wake. Wakati huohuo kitabu chake hakikuweza kuisha mpaka wale watu wawe wamenyongwa au wameachiwa, kwa kuwa hadithi haikuwa na mwisho. Walinyongwa Aprili 1965. Kitabu kilitoka baadaye kidogo, kikamtajirisha, na Capote hakumaliza kitabu kingine kama hicho maisha yake yote.

Tulirudisha sana kipande ambacho Perry anauliza kitabu kitaitwaje. Capote anasema bado hakijapata jina. Kumbe jina lipo, amekwisha kukisoma mbele ya watu ukumbini, na siku nyingine Perry anamtolea kipande cha gazeti chenye jina hilo. Utazame uso wa Hoffman hapo. Hashtuki. Anatafuta tu uongo mwingine, taratibu, mpole, na anaupata. Fundi kutoka Bukavu alisimama akaenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi alisema kwamba wamekwisha kuja watu wengi kwao Kivu na sauti pole kama ile, wakauliza maswali mazuri, wakaondoka na majibu.

Binti wa Kinubi alikuwa anaandika habari za bibi yake. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, Wanubi wengi wa Bombo walikimbia kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, na bibi alikuwa mmoja wao, akaenda na watoto mpaka ng'ambo ya mpaka. Katika safari hiyo kulitokea jambo kuhusu mtoto wa jirani, na binti alikuwa ameliweka katikati ya hadithi yake, maana ndilo lililomliza kila aliyelisikia. Baada ya Capote hakusema kitu, akachukua kurasa zake akaenda kumsomea bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mjukuu wangu, ya mtoto yule yaache. Hayo mimi siwezi kukupa, si yangu." Halafu akaingia ndani akatoka na kikapu. Alikuwa amekianza Bombo, akakimbia nacho kikiwa kimefika nusu, akakimalizia uhamishoni kwa ukindu wa huko uliopakwa rangi nyingine. Nimekiona. Kuna mstari ambapo wekundu wa Bombo unaisha na wekundu mwingine, wa kahawia zaidi, unaanza, na msuko haukukatika. Hadithi ya binti sasa imejengwa juu ya kikapu hicho, na naamini kwa moyo wote kwamba ni bora kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa inamlipisha mtu ambaye hakuulizwa.

Das Leben der Anderen, filamu ya Ujerumani ya mwaka 2006 iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ilituweka sote sawa, kwa sababu sebuleni kwangu hakuna anayejua Kijerumani na wote tulitegemea maandishi ya chini. Ni Berlin Mashariki, mwaka 1984. Mtunzi wa tamthilia, Georg Dreyman, anapandikiziwa vinasa sauti ukutani, na afisa wa Stasi, polisi wa siri wa huko, aitwaye Wiesler anakaa darini na vifaa vya kusikilizia masikioni, akiandika ripoti. Rafiki yake Dreyman, mwongozaji aliyefungiwa kazi, anajiua, na Dreyman anaamua kuandika makala ya siri kuhusu watu wanaojiua nchini mwake ili ichapishwe upande wa Magharibi. Shida ni kwamba Stasi wanajua taipureta ya kila mwandishi. Mtaalamu wao anaweza kukutajia nani anatumia mashine gani. Kwa hiyo analetewa taipureta ndogo kutoka Magharibi, nyembamba, anaificha chini ya kizingiti cha mlango, na utepe wa wino uliopatikana ni mwekundu tu. Makala nzima inaandikwa kwa wino mwekundu. Vidole vinabaki vyekundu. Miaka baadaye ukuta umeanguka, Dreyman anasoma faili lake, na chini ya ripoti ya mwisho anakuta alama ya kidole yenye wino huohuo. Ndipo anapojua nani aliiondoa ile mashine kabla ya upekuzi.

Mzee wetu aliitazama filamu hii kwa namna yake. Sisi wengine tulikuwa upande wa mwandishi, yeye alikuwa upande wa yule wa darini. "Huyo ni askari ametumwa," alisema. "Akisikia jambo, anapeleka. Siku moja amesikia, hakupeleka. Mnajua hilo ni kubwa kiasi gani?" Nilimwomba aandike utenzi juu ya hilo na anaendelea nao.

Habari hizi kwetu haziko mbali. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia na mkurugenzi wa Uganda National Theatre, aliuawa mwaka 1977 wakati wa Amin. Kabla yake, mwaka 1968 wakati wa Obote, Rajat Neogy, mwanzilishi wa jarida la Transition lililoanzia Kampala mwaka 1961, alitiwa ndani kwa yaliyochapishwa humo. Vijana wengi wa kundi letu walikuwa hawajawahi kusikia hata jina moja kati ya hayo mawili. Walimjua Dreyman, ambaye ni wa kubuni, kabla ya kumjua Kawadwa. Hilo liliniuma na bado linaniuma, na ndiyo sababu sasa kabla ya kila filamu natumia muda kidogo kueleza mwandishi mmoja wa kwetu.

Pesa ilikuja na Little Women ya Greta Gerwig, ya mwaka 2019. Jo March anakaa darini usiku kucha anaandika, kurasa amezitandaza sakafuni kwa safu, na mkono wa kulia ukichoka anahamishia kalamu mkono wa kushoto anaendelea. Louisa May Alcott mwenyewe, aliyeandika kitabu chenyewe, alijifunza kuandika kwa mikono yote miwili. Lakini kipande chetu ni cha ofisini. Mchapishaji alikuwa hakupendezwa na muswada mpaka binti zake walipousoma wakaanza kudai sura zinazofuata. Sasa anautaka. Anataka pia ainunue hakimiliki moja kwa moja kwa fedha taslimu, na Jo, ambaye familia yake ina shida, anakataa. Anabishana asilimia baada ya asilimia. Anabaki na hakimiliki yake. Baada ya hapo tunaonyeshwa kitabu kinavyotengenezwa: herufi zinapangwa, karatasi zinachapwa, zinakunjwa, zinashonwa kwa uzi, jalada linapigwa dhahabu. Fundi cherehani alitaka kurudisha kushona huko mpaka tukachelewa kula.

Diski ile ilikuwa ya kunakiliwa, filamu nyingi zimebanwa pamoja, za aina inayouzwa kila mahali. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeuliza: Jo anapigania asilimia zake, na sisi aliyeandika hii anapata nini kwetu? Tulizungumza usiku ule kuhusu Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 hapa Uganda, inayosema kazi ni mali ya aliyeitunga maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wote mle ndani ni watunzi au wanataka kuwa. Tangu hapo tunachanga na kununua diski halisi, hata kama ni moja kwa muda mrefu. Ndugu wakija kutoka Nairobi au Uingereza tunawaagiza. Ukinunua, angalia alama ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, nyuma ya jalada: diski za Marekani ni kanda ya 1, za Uingereza ya 2, na sisi Uganda tuko kanda ya 5, kwa hiyo deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa nyingine. Deki nyingi za bei nafuu mjini hazijafungwa, ila uliza kabla hujalipa. Na ukiifuta diski, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukizungusha, mkwaruzo utafuata njia ya kusomea na filamu itakwama palepale kila mara.

Diski halisi ina faida nyingine niliyoichelewa kuijua: nyingi huwa na sauti ya mwongozaji akieleza kila kipande wakati filamu inapita. Huyo naye ni VJ wa namna yake.

Out of Africa ya mwaka 1985 ilipata Oscar saba na ni nzuri kwa macho, milima ya Ngong inang'aa. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba Kenya, anaonyeshwa akipewa sentensi ya kwanza na wageni wake mezani, naye anaiendeleza mpaka iwe hadithi kamili, na mchezo huo tumeuiga. Lakini filamu ndefu kiasi kile, juu ya ardhi ya Wakikuyu, na Wakikuyu wenyewe wanasema maneno machache kiasi gani? Mzee alisema tumeonyeshwa shamba, wenye shamba hatukuwasikia. Sina la kuongeza.

An Angel at My Table ya Jane Campion, ya mwaka 1990, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya televisheni ya New Zealand katika sehemu tatu, na tuliitazama kwa Jumamosi tofauti. Ni maisha ya Janet Frame, mwandishi wa huko. Alikuwa msichana mwenye haya nyingi, nywele nyekundu zilizosimama, akafungwa kwenye hospitali za wagonjwa wa akili kwa miaka, akipigwa umeme wa kichwani zaidi ya mara 200 kwa ugonjwa ambao baadaye madaktari wa London walisema hakuwa nao. Alikuwa amepangiwa upasuaji wa ubongo. Kilichomwokoa ni kwamba kitabu chake cha hadithi fupi kilipata tuzo, daktari akasoma habari hiyo, akafuta upasuaji. Wanawake wa kundi letu hawakuzungumza kuhusu sanaa baada ya hapo. Walizungumza kuhusu wasichana wanaowajua, walioitwa wendawazimu kwa kuwa wanapenda kukaa peke yao na kitabu. Baadaye mwandishi mzee, Frank Sargeson, alimpa Janet kibanda cha mbao bustanini kwake aandikie humo. Kitanda, meza, taa. Mama mmoja aliyekuja siku ile kwa mara ya kwanza aliuliza kama kibanda hicho kilikuwa na komeo kwa ndani. Swali hilo linatosha kuwa riwaya.

Kwa jioni ambazo watu wamechoka tunaweka Murder, She Wrote. Jessica Fletcher ni mwalimu mstaafu, mjane, anayeandika riwaya za upelelezi na kukamata wauaji, na mfululizo huo ulidumu tangu 1984 mpaka 1996. Kuandika kwenyewe hakumo sana. Ila napenda kwamba ni mwanamke mtu mzima, mwalimu, aliyeanza kuandika baada ya mume kufa, na kila mtu anamchukulia kuwa mwandishi bila kumshangaa.

Filamu ninayoitaka sijaiona. Ni ya Makerere, Juni 1962, waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walipokutana. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Langston Hughes alikuja kutoka Marekani. Mwanafunzi wa pale aliyeitwa wakati ule James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Achebe muswada wake aupitie, nao ukaja kuwa riwaya yake ya kwanza kuchapishwa. Shaaban Robert hakuwepo, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, na mwezi huohuo wa Juni 1962 akafariki. Mambo haya mawili yalitokea kwa wakati mmoja, nchi mbili jirani, na ukiyaweka upande kwa upande tayari una filamu.

Kundi limeanza kuiandika. Tunabishana. Binti anataka ianze na kijana aliyesimama nje ya mlango na muswada, anaogopa kubisha. Fundi anataka ianze Tanga, kwa mkono wa Shaaban Robert anayeandika ubeti, karibu sana, mpaka usikie kalamu. Mzee anasema Kampala na Tanga zisikutanishwe kabisa, mtazamaji ndiye azikutanishe. Mimi nipo na Mzee, na Jumamosi ijayo nitatetea hoja hiyo mpaka nishinde, kwa sababu wawili wale hawakuonana, na sisi hatuna ruhusa ya kuwaonyesha wameonana.